Umehitimu Kanada na una mwenza: pointi za PR zinahesabiwaje?

Tangu Kanada ilipoanza kubana masharti ya uhamiaji mwaka 2024, kuna swali linalorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Toronto, Edmonton na Ottawa. Mtu amemaliza chuo, ana mke au mume, muda wa kibali chake unayoyoma, na sasa anataka kuomba PR, yaani ukaazi wa kudumu. Anauliza: ndoa itanisaidia au itaniangusha?

Majibu yanayomiminika ndiyo yanayonitia hofu. "Jaza kwamba hujaoa, pointi zitapanda." "Mumeo hajasoma Kanada, hana faida kwenye fomu." "Mkiachana, PR yako inafutwa." Ushauri wa kwanza unaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka 5. Wa pili unawanyima watu pointi zilizo mikononi mwao. Wa tatu unawaweka wanawake wengi kwenye ndoa za mateso bila sababu yoyote ya kisheria.

Tuanze na majina ya vitu, maana vibali vingi huchanganywa. Kibali cha masomo kinakuruhusu kusoma, na kwa kawaida kufanya kazi kwa saa chache. Ukihitimu kwenye chuo na kozi inayokubalika, unaomba kibali cha kazi baada ya masomo, ambacho wengi hukiita PGWP. Hiki hutolewa mara moja tu maishani, hakizidi miaka 3, na kina siku 180 za kukiomba tangu chuo kithibitishe kwamba umemaliza. Wako wanaokipokea na kusherehekea kana kwamba wameshapata makaratasi. Bado. Hicho ni kibali chenye tarehe ya mwisho, na kazi yake kubwa ni kukupa nafasi ya kukusanya uzoefu wa kazi.

PR ni hadhi inayokuruhusu kuishi, kusoma na kufanya kazi popote Kanada bila kibali kingine. Ili isikuponyoke unatakiwa uwe umekaa nchini siku 730 katika kila miaka 5. Si uraia. Uraia unaombwa baadaye, ukishatimiza siku 1,095 ndani ya miaka 5. Kwa Mtanzania tofauti hii ni muhimu sana, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kupata PR hakugusi pasi yako ya Tanzania hata kidogo.

Kisha kuna mwombaji mkuu na mwenza. Mwombaji mkuu ndiye anayebeba ombi: sifa zake ndizo zinazopimwa kwa sehemu kubwa. Mwenza ni mke au mume wa ndoa, au mtu mnayeishi naye kinyumba kwa angalau mwaka 1 mfululizo. Mwenza na watoto huingia kwenye ombi lile lile, na likikubaliwa, wote hupata PR.

Njia inayotumiwa na wahitimu wengi ni mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015. (Quebec ina utaratibu wake, kwa hiyo aliyesoma Montreal na anataka kubaki huko afuate masharti ya jimbo hilo.) Mfumo huu unaeleweka vizuri ukikumbuka uchaguzi wa kidato cha tano. Kufaulu mtihani hakukupi shule. Wanafunzi wanapangwa kwa alama, shule inachukua kuanzia juu, na alama ya mwisho kuchukuliwa inategemea nani wengine wameomba mwaka huo. Express Entry nayo inawapanga waombaji kwa pointi, hadi 1,200, kisha serikali hufanya mizunguko ya kuwaalika walio juu. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba "pointi 500 zinatosha". Zilizotosha mwezi uliopita huenda mwezi huu zisitoshe.

Ili mhitimu aingie kupitia kundi la wenye uzoefu wa Kanada, anahitaji mwaka 1 wa kazi ya ujuzi, yaani saa 1,560, ndani ya miaka 3 iliyopita. Hapa kuna mitego miwili inayowanasa watu wetu. Kwanza, kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi, hata kama ulikatwa kodi kila wiki mbili. Kujiajiri nako hakuhesabiwi. Pili, si kila kazi ni "kazi ya ujuzi". Kanada imezigawa kazi zote kwa madaraja yanayoitwa TEER, kuanzia 0 hadi 5, na zinazokubalika hapa ni 0 hadi 3. Msaidizi wa wauguzi hospitalini au kwenye nyumba ya wazee yuko daraja la 3, anahesabiwa. Anayewahudumia wazee majumbani kwao yuko daraja la 4, hahesabiwi, ingawa kazi zenyewe zinafanana na uchovu ni ule ule. Dereva wa lori kubwa yuko daraja la 3. Mpanga bidhaa ghalani au mtunza fedha wa supamaketi hayumo. Mwajiri anaweza kukupa cheo chochote kinachopendeza. Afisa wa uhamiaji anaangalia majukumu uliyokuwa ukiyafanya kweli.

Sasa tuje kwenye ndoa.

Mfumo una pointi 500 za msingi kwa mtu anayeomba peke yake: umri, elimu, lugha na kazi aliyofanya Kanada. Anayekuja na mwenza naye ana 500 zile zile, ila zimegawanywa: 460 za mwombaji mkuu na 40 za mwenza. Uvumi wote kwamba "ndoa inakata pointi" umezaliwa na mgawanyo huu. Tuufanyie hesabu.

Chukua mke mwenye umri wa miaka 29 aliyehitimu shahada ya uzamili Halifax. Amefanya kazi ya ujuzi kwa mwaka 1. IELTS yake, yaani mtihani wa Kiingereza, ni 8 kwenye kusikiliza na 7 kwenye kusoma, kuandika na kuzungumza, kiwango kinachoitwa CLB 9 kwenye kipimo cha lugha cha Kanada. Angekuwa hana mume angepata 110 za umri, 135 za elimu, 124 za lugha na 40 za kazi. Jumla 409. Akiingia na mumewe, sifa zile zile zinampa 100, 126, 116 na 35. Jumla 377.

Pointi 32 zimepotea, na kwenye mashindano ya namna hii hizo ni nyingi mno. Wengi huishia hapa na kusema ndoa ni mzigo. Lakini hesabu haijaisha, maana zile 40 za mume bado hazijaguswa: elimu yake ina hadi pointi 10, lugha 20, na kazi aliyofanya Kanada 10. Mume huyu ana shahada ya kwanza kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akiipeleka ikathaminiwe na taasisi iliyoidhinishwa, analeta 8. Akifanya IELTS na kufikia kiwango cha mkewe, analeta 20. Jumla inakuwa 405, na pengo limebaki pointi 4. Akiwa pia amefanya kazi ya ujuzi Kanada kwa mwaka 1, anaongeza 5. Sasa mke ana 410, pointi 1 zaidi ya ambazo angepata bila mume.

Kwa hiyo kinachopunguza pointi si kuwa na mwenza. Ni kuwa na mwenza ambaye hajapimwa. Mfumo haumlazimishi mwenza kufanya mtihani wa lugha wala kuthaminisha cheti, na kwa kuwa haulazimishi, watu wanaacha. Wanaona ada ya IELTS ni kubwa, au mume anaona aibu akipata alama ndogo kuliko mkewe. Alama ndogo za mwenza hazimshushi mtu. Akipata CLB 7 au 8 analeta pointi 3 kwa kila stadi badala ya 5, yaani 12 badala ya 20. Asipofanya kabisa analeta sifuri. Mtihani wa siku moja unaweza kurudisha pointi 20; sijui njia nyingine iliyo rahisi kiasi hicho katika mfumo huu wote.

Angalizo moja kuhusu IELTS hiyo: iwe ile ya General Training. Uliyofanyia maombi ya chuo huenda ilikuwa Academic, na hiyo Express Entry haiipokei. CELPIP General na PTE Core zinakubalika pia. Matokeo hudumu miaka 2, na tathmini ya cheti miaka 5.

Juu ya pointi hizo za msingi kuna nyingine ambazo ndoa haizigusi. Mke wa mfano wetu anapata 50 kwa kuunganisha uzamili wake na CLB 9, na 30 kwa kuwa amesomea Kanada. Amefika 490. Na kama kabla ya kuondoka alifanya kazi benki Mombasa kwa miaka 3, anaongeza 50 nyingine, jumla 540. Hili la kazi za nyumbani husahaulika kupita kiasi. Watu huamini Kanada haijali ulichofanya Afrika, hivyo hawaombi hata barua kwa mwajiri wa zamani. Kwa mwaka 2025 mizunguko mingi ya kundi la wenye uzoefu wa Kanada ilikuwa ikidai zaidi ya pointi 520. Mke huyu akiwa na barua ile anaalikwa, bila barua anabaki akisubiri. Na kusubiri kuna gharama yake, maana pointi za umri huanza kushuka mtu akifikisha miaka 30.

Kuna uamuzi mwingine ambao wanandoa wengi hawaufikirii kabisa: nani awe mwombaji mkuu? Mazoea yanasema ni yule aliyesoma Kanada, au ni mwanaume. Sheria haisemi lolote kati ya hayo. Kila mmoja anaweza kufungua wasifu wake kwenye mfumo, akimtaja mwenzake kama mwenza, na atakayealikwa kwanza ndiye anayebeba ombi.

Hili lina uzito wa pekee kwa ndoa zilizovuka mpaka wa Kongo, Burundi au Rwanda. Tuseme mke ni Mkenya aliyehitimu Ontario, na mume ni mtu wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Kanada hufanya mizunguko maalumu ya wanaojua Kifaransa, na Machi 2025 mmoja wao ulishuka hadi pointi 379. Linganisha na zile 520 na kitu. Zaidi ya hapo, mwombaji mkuu mwenye Kifaransa kizuri na Kiingereza cha wastani huongezewa pointi 50. Pointi hizo hutolewa kwa lugha ya mwombaji mkuu tu, kwa hiyo Kifaransa cha mume kikikaa kwenye nafasi ya mwenza hakiwezi kuzileta. Mume huyo anatakiwa kwanza astahili kwa sifa zake mwenyewe, kwa mfano awe na mwaka 1 mfululizo wa kazi ya ujuzi hata kama aliufanyia Kongo, na mara nyingi aonyeshe fedha benki, sharti ambalo kundi la wenye uzoefu wa Kanada halina. Pia lazima afanye mtihani wa Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada. Kuzaliwa Bukavu si cheti. Lakini hesabu ifanywe pande zote mbili kabla ya kuamua.

Sasa lile la hatari: kujaza kwamba huna mwenza.

Fomu ina maswali mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza ni hali yako ya ndoa. La pili ni kama mwenza anafuatana nawe kwenda Kanada. Mtu anaweza kusema kweli kwamba ameoa, na kweli kwamba mkewe hatafuatana naye kwa sasa, labda kwa sababu ana kazi nzuri Arusha au anamuuguza mzazi. Akijibu hivyo pointi zinahesabiwa kama za mtu aliye peke yake, na ni halali. Mke huyo hata hivyo ametajwa, na anatakiwa apimwe afya na kutoa nyaraka zake kama anayesafiri. Baadaye mume anaweza kumdhamini. Kinachozua maswali ni kujaza kwamba mwenza hafuatani nawe ilhali mnaishi naye chumba kimoja Calgary. Afisa atataka kujua maelezo hayo yanakaaje pamoja, na ana haki ya kuuliza.

Kuandika kwamba hujaoa ni jambo jingine kabisa. Huo ni udanganyifu, na sheria ya uhamiaji ya Kanada inauadhibu kwa kukuzuia kuingia nchini miaka 5. Kuna adhabu ya pili, ya kimyakimya, ambayo naiona mbaya zaidi: ndugu wa karibu ambaye hukumtaja na hakupimwa wakati wa ombi lako, kwa kawaida huwezi kumdhamini tena baadaye. Inamgusa mke, na inamgusa pia mtoto. Yule mtoto uliyemzaa kabla ya ndoa, anayelelewa na bibi yake Tabora, naye anatajwa. Mama yake akikataa asiende, anatajwa. Kama umegombana na familia nzima kwa ajili yake, anatajwa vilevile. Umri unaohesabiwa ni chini ya miaka 22.

Vipi kuhusu ndoa zetu zenyewe, zinatambuliwa? Ya msikitini, ya kanisani, ya bomani na ya kimila zote zinaweza kutambuliwa ikiwa ni halali kisheria ilikofungwa na ipo hati ya kuthibitisha. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, hata ndoa ya kimila inatakiwa isajiliwe. Lakini ziko ndoa mbili ambazo ni halali nyumbani na Kanada inazikataa. Moja ni nikaha ya kwa simu au kwa wakala, bwana akiwa Toronto na bibi harusi Zanzibar. Tangu Juni 2015 ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe haihesabiwi kwa ajili ya uhamiaji. Wengi waliofunga hivyo hulazimika kukutana na kufunga ndoa upya. Nyingine ni mke wa pili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaruhusu uke wenza. Kanada haimtambui kama mwenza mtu aliyeolewa na mume ambaye tayari ana mke.

Kwa wanaoishi kinyumba bila ndoa, usichanganye sheria mbili. Tanzania ina dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka 2. Kanada inataka mwaka 1, lakini inataka ushahidi: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya pamoja, barua zinazofika anuani moja. Ukifikisha mwaka huo wewe si mseja tena mbele ya fomu, hata kama mahari haijatolewa.

Kuhusu kibali cha kazi cha mwenza, masharti yalibadilika 21 Januari 2025. Zamani karibu kila mwanafunzi aliweza kumleta mwenza akafanya kazi. Sasa mwanafunzi awe kwenye shahada ya uzamili ya miezi 16 au zaidi, uzamivu, au kozi chache za kitaaluma. Akishahitimu na kuajiriwa, mwenza anaweza kupata kibali ikiwa kazi ya mhitimu ni ya daraja la 0 au 1, au baadhi ya kazi za 2 na 3, na kibali chake kina angalau miezi 16 iliyobaki. Usingoje miezi 16 hiyo iyeyuke. Kibali hicho ndicho kinachompa mwenza nafasi ya kupata zile pointi za kazi ya Kanada.

Ukialikwa una siku 60 za kutuma ombi kamili, na kwa anayetegemea karatasi za nyumbani siku 60 huisha upesi. Vyeti vya polisi vinahitajika kutoka kila nchi nje ya Kanada mliyoishi miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita, vyako na vya mwenza. Aliyefanya kazi Muscat au Doha kabla ya kwenda Kanada aanze na huko. Cheti cha ndoa cha Tanzania Bara chenye makosa ya jina kirekebishwe mapema, kwa sababu "Mwajuma" kwenye pasi na "Mwajumaa" kwenye cheti huleta barua ya maswali. Ada kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024 ilikuwa dola 1,525 za Kanada kwa kila mtu mzima, hivyo wanandoa wawili walilipa 3,050 bila vipimo vya afya wala mitihani.

Mkimtafuta wa kuwasaidia kwa malipo, awe mwanasheria wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachowasimamia washauri wa uhamiaji huko. Majina yao yako wazi mtandaoni, yanatafutwa bure. Wakala wa mtaani anayekuambia "mimi nina mtu wangu ndani" hana mtu. Na akijaza uongo kwenye fomu yako, anayefungiwa miaka 5 ni wewe.

Limebaki la talaka. Mkitengana kabla PR haijatolewa, idara ya uhamiaji lazima iarifiwe, na mwenza hawezi tena kuipata kupitia ombi hilo. Hivyo hivyo ukioa au kuolewa wakati ombi linashughulikiwa: toa taarifa kabla ya kuthibitishwa kuwa mkaazi. Lakini PR ikishatolewa kwa ukweli, kila mmoja ana yake. Mke aliyeingia kama mwenza ana kadi yenye jina lake na haki zile zile za mumewe. Mume hawezi kuifuta kwa kupiga simu uhamiaji, wala kwa kutoa talaka tatu. Anayepigwa ndani ya nyumba anaweza kuondoka leo na akabaki mkaazi wa kudumu wa Kanada.